Rimu ya Aloi Inayopoteza Upepo Polepole: Mwongozo Kamili wa Kuiziba

Umebadilisha valvu. Fundi wa tairi amezamisha gurudumu kwenye maji akasema hakuna pancha. Hata tairi umenunua jipya, na bado kila baada ya siku chache gurudumu lile lile limelegea, unapita kituo cha mafuta kuomba upepo. Wasomaji wa Kampala, Jinja, Mbale na Tororo wanaleta malalamiko haya haya, na wengi wameshajaribu kuziba wenyewe bila mafanikio.

Nikiwauliza walifanyaje, majibu yanafanana. Walipaka gundi upande ambao upepo unatokea, si upande unaoingilia. Au walipaka upande sahihi lakini juu ya rangi kuukuu, mafuta na maji. Kazi hii si ngumu, ila haikubali njia ya mkato, na karibu jitihada yote iko kwenye kutafuta na kusafisha. Kupaka gundi kwenyewe ni kazi ya nusu saa.

## Upepo unapitaje kwenye metali nzima?

Rimu nyingi za aloi, zile tunazoziita rimu za spoti, hutengenezwa kwa kumimina alumini iliyoyeyushwa pamoja na silikoni na magnesi kidogo ndani ya kalibu. Alumini ikiwa ya moto hubeba gesi ya hidrojeni. Inapoganda, gesi hiyo hujitenga na kuacha vitundu vidogo mno ndani ya metali. Tena metali ikipoa husinyaa, nako kusinyaa huacha nafasi. Vitundu vikishikana kutoka upande mmoja hadi wa pili, upepo umepata njia.

Rimu ikiwa mpya, rangi na vanishi ya kiwandani huziba njia hizo. Rangi ikizeeka, ikichubuka au ikiliwa na asidi ya kuoshea rimu, njia zinafunguka. Magari mengi ya Uganda huingia yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, hasa kutoka Japani, kwa hiyo rangi ya ndani ya rimu huwa imechoka kabla gari halijashushwa bandarini Mombasa.

Katika mwongozo huu nitataja pande mbili. Upande wa upepo ni ule unaofunikwa na tairi, huuoni mpaka tairi litolewe. Upande wa breki ni ule unaouona ukichungulia nyuma ya gurudumu. Tunaziba upande wa upepo. Presha ya tairi ndiyo itakayoikandamiza gundi kwenye metali kila siku. Ukipaka upande wa breki, presha hiyo hiyo itaisukuma gundi ibanduke, na joto la breki litamalizia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa gari

Kusanya kila kitu kwanza. Rimu ikishasafishwa haipaswi kukusubiri uende dukani.

- Jeki, stendi imara ya kuegeshea gari, na spana ya nati za gurudumu.
- Kipima presha chako mwenyewe. Vya vituo vya mafuta havilingani, na hapa unatafuta tofauti ndogo.
- Karai kubwa au pipa lililokatwa nusu, maji safi, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Kifungulio cha pini ya valvu, na valvu mpya.
- Kalamu ya rangi nyeupe isiyofutika kwa maji, na futi ya utepe.
- Brashi ya waya wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu. Usitumie iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida, kwa maana itaacha chembe za chuma kwenye alumini na hapo ndipo ulaji mpya utaanzia.
- Msasa namba 80 na namba 120.
- Asetoni safi ya dukani kwa wauza rangi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, nayo itaharibu kazi.
- Vitambaa vyeupe vya pamba. Vyeupe, ili uone uchafu.
- Gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka polepole. Araldite ya kawaida inafaa na inapatikana kwa urahisi. Ile ya dakika tano haifai, kwa kuwa huganda kabla haijapenya.
- Kikausha nywele, au siku yenye jua kali.
- Brashi ndogo ngumu, glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho.
- Mafuta au sabuni nzito ya kuvalishia tairi.
- Chaki, spiriti na mafuta ya taa kidogo, kwa ajili ya hatua ya 5.

Kutoa na kurudisha tairi kutahitaji mashine ya fundi wa tairi. Zungumza naye mapema kwamba utarudi baada ya siku mbili au tatu. Gari litatembelea spea muda huo wote, kwa hiyo pima presha ya spea leo, si siku ya kuihitaji.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unapoteza upepo

Pima magurudumu yote manne asubuhi kabla gari halijatembea na kabla jua halijalipiga. Yajaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huandika kwa kPa: 220 kPa ni karibu psi 32. Andika namba hizo, kisha pima tena saa ile ile, mahali pale pale, kwa wiki nzima.

Mahali na saa vina maana. Presha hubadilika karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Mtu aliyepima saa nane mchana Kampala, kisha akapima alfajiri Kabale kwenye baridi, ataona upungufu hata kama rimu yake haina tundu lolote.

Tairi zima hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi kupitia mpira wenyewe, na hilo ni jambo la kawaida. Gurudumu moja likishuka psi 3 au zaidi kwa wiki wakati mengine matatu yamesimama, una uvujaji. Likishuka psi 10 kwa usiku mmoja, hapo usianze kufikiria vitundu vya metali. Tafuta msumari, valvu mbovu au ufa.

## Hatua ya 2: Tafuta upepo unapotokea

Hapa ndipo wengi hupotezea njia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Pandisha gari kwa jeki, liegeshe kwenye stendi, toa gurudumu. Lijaze hadi psi 40, lakini kwanza soma ubavuni mwa tairi uhakikishe halizidishi kiwango cha juu kilichoandikwa. Presha ya ziada huharakisha viputo.

Gurudumu lenye upepo huelea. Usijaribu kulizamisha lote kwa mara moja. Lisimamishe ndani ya pipa, mtu mwingine alikandamize, mchunguze sehemu moja, kisha mlizungushe kidogo. Kila mara likiingia majini, pitisha mkono kufuta mapovu ya hewa iliyonaswa juu ya metali, halafu acha maji yatulie kabisa. Subiri dakika tano kwa kila sehemu. Fundi wa barabarani huangalia kwa sekunde kumi, ndiyo maana husema hakuna pancha.

Viputo vinaweza kutoka sehemu nne:

Kwenye valvu, ama katikati kwenye pini au pembeni pale inapopita rimu. Badilisha valvu, umemaliza.

Kwenye tairi lenyewe, yaani kashata (sehemu inayogusa barabara) au ubavu. Hiyo ni pancha ya kawaida.

Kwenye mstari ambapo mdomo wa tairi unakutana na rimu. Hii ndiyo sababu ya mara kwa mara kuliko zote. Unga mweupe wa alumini iliyoliwa hujijenga chini ya mdomo wa tairi na kuuinua. Dawa yake iko kwenye hatua ya 4.

Kwenye metali ya rimu, upande wa breki. Ukiona viputo vidogo vidogo vikichomoza kwenye metali tupu kama vya soda kwenye glasi, vikijikusanya na kupanda kimoja kimoja, hapo ndipo mwongozo huu unapokuhusu hasa. Mara nyingi utakuta doa zaidi ya moja. Zunguka rimu yote hata baada ya kupata la kwanza.

Kama huna pipa, laza gurudumu uso chini na upake maji mazito ya sabuni upande wote wa breki kwa brashi. Povu jeupe dogo litajijenga juu ya doa. Njia hii hushindwa kwa uvujaji mdogo sana, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

## Hatua ya 3: Weka alama ambayo itavuka upande wa pili

Tairi likishatolewa hakuna presha, na bila presha hakuna viputo. Usipoweka alama sasa, utaanza upya.

Futa maji, kausha, kisha zungushia doa duara kwa kalamu ya rangi. Kutoka kwenye duara hilo chora mstari ulionyooka hadi ukingo wa ndani wa rimu. Pima urefu wake, mfano sm 6, na uandike kando. Tairi likitoka utauendeleza mstari ule ule juu ya ukingo na kushuka upande wa upepo kwa sm zile zile. Hapo ndipo penye doa lako, bila kuchanganya kulia na kushoto.

Piga picha kwa simu. Na kabla ya kuondoka, chora pia alama ya chaki kwenye tairi pale ilipo valvu, ili tairi lirudi lilivyokuwa.

## Hatua ya 4: Toa tairi na kagua kikalio chake

Toa pini ya valvu kwanza, usubiri upepo wote uishe. Kisha fundi abandue mdomo wa tairi kwenye rimu kwa mashine. Kama gari lako lina kihisi cha presha ndani ya gurudumu, mwambie kabla hajaanza, aweke koleo mbali na valvu.

Angalia kikalio, ule mzunguko mwembamba ambapo mdomo wa tairi hukaa, kila upande wa rimu. Unga mweupe na magamba ya rangi yaondoe kwa brashi ya waya kwa mkono, halafu lainisha kwa msasa namba 120 ukifuata mzunguko. Usitumie mashine ya kusaga. Shimo dogo kwenye kikalio ni njia mpya ya upepo.

Ikiwa viputo vyako vyote vilitoka kwenye mstari wa mdomo wa tairi, safisha hapo, futa, rudisha tairi kwa sabuni ya kuvalishia na upime tena. Huna haja ya epoksi.

## Hatua ya 5: Hakikisha si ufa

Usiruke hatua hii. Vitundu vya metali ni kero, ufa huua. Barabara zetu zina mashimo ya kutosha kupasua rimu, hasa ukingo wa ndani ambao dereva hauoni. Rimu iliyopasuka inaweza kuachia upepo wote kwa mara moja ukiwa kwenye mwendo wa barabara ya Masaka au Gulu.

Pitisha kidole kwenye ukingo wote, kisha chunguza mizizi ya mikono ya rimu na kandokando ya matundu ya nati. Ukihisi ukingo umeingia ndani au umekunjika, shuku.

Kipimo rahisi ni hiki. Kwangua rangi kidogo pande zote mbili za mahali unapopashuku. Saga chaki, changanya na spiriti kidogo, paka upande wa breki, uache ukauke uwe mweupe. Upande wa upepo paka mafuta ya taa kwa kitambaa, kisha subiri nusu saa. Mafuta ya taa hupenya penye nafasi na kulowesha chaki. Ukiona nukta, ni vitundu. Ukiona mstari, hata mfupi wa sm 1, ni ufa.

Rimu yenye ufa haizibwi kwa gundi. Na siwashauri kuipeleka kwa mchomeleaji. Rimu hizi huimarishwa kiwandani kwa joto linalodhibitiwa. Joto la kuchomelea huifanya metali iliyo kando ya mshono kuwa laini, na jicho haliwezi kuliona hilo. Nenda Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, ukatafute rimu nyingine ya saizi ile ile, uikague kwa njia hii hii kabla ya kulipa.

Fanya kipimo cha mafuta ya taa pale tu unaposhuku. Mafuta hayo ni adui wa epoksi, na ukiyatumia itakubidi urudie usafi wa hatua ya 7 mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 6: Ondoa rangi upande wa upepo

Utatamani kusafisha pale penye duara tu. Usifanye hivyo. Njia ya upepo ndani ya metali haiendi moja kwa moja. Huingia hapa, ikapinda, ikatokea sentimita kadhaa pembeni. Walioziba doa moja dogo wakaona viputo vimehamia kando, hili ndilo lililowapata.

Ushauri wangu: safisha mzunguko wote wa rimu katika upana wa sm 5 kila upande wa doa. Kama madoa ni matatu au zaidi, safisha upande wote wa upepo kati ya vikalio viwili, pamoja na bonde la katikati.

Anza na msasa namba 80 mpaka uione metali inang'aa, malizia na namba 120. Mikwaruzo hiyo ndiyo itakayoishika gundi. Vaa barakoa, vumbi la alumini na rangi kuukuu halifai kifuani.

Mambo matatu usiyafanye hata kama fundi atakuhakikishia:

- Usitumie asidi ya betri kuosha rimu. Hula alumini na kupanua vitundu vile vile unavyotaka kuziba.
- Usitumie magadi ya kutengenezea sabuni kuondolea rangi. Nayo huila alumini, tena huchemka na kutoa hidrojeni inayowaka.
- Usiweke rimu juu ya sigiri. Mkaa huchoma sehemu moja mno na nyingine kidogo, na joto likipita nyuzi 150 hivi unaanza kuharibu uimara wa metali.

## Hatua ya 7: Toa mafuta, kisha toa maji

Hii ndiyo hatua inayoamua. Gundi haishiki kwenye mafuta, na haiingii kwenye kitundu kilichojaa maji. Kumbuka rimu yako imetoka kuzamishwa.

Osha eneo lote kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo ukisugua kwa brashi, suuza vizuri, kausha. Rimu ikiwa imepoa, futa kwa asetoni na kitambaa cheupe. Geuza kitambaa, futa tena. Endelea mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Asetoni huwaka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na sigiri, sigara na kikausha nywele. Acha ipotee yote kabla ya kuleta joto lolote.

Sasa pasha moto. Iache rimu juani saa mbili au tatu, bati jeusi likiwa chini yake, au tumia kikausha nywele ukizunguka polepole. Unalenga joto ambalo kiganja kinalivumilia kwa sekunde moja au mbili tu. Joto hili hutoa maji yaliyojificha, na mara nyingi huvuta nje mafuta pia. Ukiona vidoa vya unyevunyevu au mng'ao wa mafuta vimejitokeza, acha ipoe, futa tena kwa asetoni, pasha tena. Waliotumia mafuta ya taa watarudia mzunguko huu zaidi ya mara moja.

Dalili ya kufaulu: dondosha tone la maji kwenye eneo lililosafishwa kwenye kona usiyohitaji. Likisambaa na kuwa utando, metali ni safi. Likisimama kama duara, bado kuna mafuta. Kausha tone hilo kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 8: Paka epoksi

Usiiache metali iliyosafishwa hadi kesho. Anza ndani ya saa moja.

Rimu iwe na uvuguvugu, unaweza kuweka kiganja bila kukitoa. Uvuguvugu una faida mbili. Kwanza, epoksi nzito huwa nyepesi ikigusa metali ya moto. Pili, hewa iliyo ndani ya vitundu ilipanuka kwa joto. Rimu ikipoa hewa hiyo hujikunja na kuivuta gundi ndani. Ndiyo maana tunapaka rimu ikiwa inaelekea kupoa, si inapoendelea kupashwa. Ukipasha baada ya kupaka, hewa itasukuma nje na kuacha matundu kwenye gundi yenyewe.

Toa sehemu mbili za epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Araldite ya kawaida ni sawa kwa sawa. Changanya dakika tatu nzima, ukikwangua pembeni na chini. Mchanganyiko uliokosewa hubaki unanata milele, na ukiweka kigumuzi zaidi hautakauka haraka. Changanya kidogo kidogo. Ukichanganya nyingi kwenye kikombe itajipasha yenyewe na kuganda mkononi.

Kata nywele za brashi zibaki fupi na ngumu. Tabaka la kwanza lisugue liingie kwenye metali, ukizunguka duara duara juu ya kila doa. Liwe jembamba, uione metali chini yake. Tabaka nene la kwanza hufunika mdomo wa kitundu bila kuingia ndani.

Geuza rimu kila baada ya dakika kumi ili gundi isitiririke ikakusanyika sehemu moja. Ikianza kunata lakini haishiki kidole, kwa kawaida baada ya saa mbili hadi nne, paka tabaka la pili ukipitisha brashi kwa kukatiza mwelekeo wa kwanza. Mawili yanatosha.

Usipake kwenye vikalio vya tairi wala kuzunguka tundu la valvu. Iliyomwagikia hapo ifute mara moja kwa kitambaa chenye asetoni, rimu ikiwa imepoa.

Badala ya epoksi, kwa vitundu vidogo sana kuna gundi za maji zinazojinyonyea ndani zenyewe, mfano Loctite 290. Ni nzuri ukiipata, lakini kwenye alumini hukauka polepole. Chagua moja, usiweke epoksi juu yake, haitashika.

Kuhusu vitu vingine vinavyouzwa kwa kazi hii: gundi ya haraka ya matone huvunjika rimu ikitikisika. Silikoni hubanduka. Puti ya kunyooshea bodi ina vitundu vyake yenyewe. Maji ya kuziba pancha yanayomiminwa kwenye tairi yatakusaidia ufike nyumbani, lakini huchafua ndani yote na siku ya kuziba kwa kweli yatakuongezea kazi ya usafi mara mbili. Na tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu husuguana na kupata joto, na ikipasuka upepo huisha ghafla badala ya polepole. Kwa gari linalosafiri mwendo mrefu, sikubaliani nayo kabisa.

## Hatua ya 9: Iache ikauke

Saa 24 kwa hali ya hewa ya Kampala au Jinja. Kabale, Kisoro na miteremko ya Mlima Elgon, ipe saa 48, kwa kuwa baridi huchelewesha epoksi. Iweke mahali pasipo vumbi wala mvua. Siku ya pili unaweza kuitoa juani saa chache, itaimarika zaidi.

Bonyeza kwa ukucha. Ukucha usiache alama na kidole kisinate. Ikiwa bado inanata baada ya siku mbili, mchanganyiko ulikosewa: ikwangue yote, rudi hatua ya 6. Tabaka jipya juu ya gundi mbichi halitakusaidia.

## Hatua ya 10: Rudisha tairi bila kuharibu kazi

Nenda na rimu kwa fundi wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwonyeshe ulipopaka, umwombe chuma cha kuvalishia kisiguse bonde la katikati. Weka valvu mpya. Mdomo wa tairi upakwe sabuni ya kuvalishia, si oili wala petroli, maana hizo hula mpira.

Kuna mafundi wanaonyunyiza petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili mdomo ukae. Kataa. Mlipuko wake umewahi kuumiza watu, na moto ule utaichoma epoksi yako.

Ajaze bila pini ya valvu ili upepo uingie kwa kasi, nyote mkiwa mmesimama pembeni, si juu ya gurudumu. Mdomo ukae kabla ya psi 40. Usipokaa, atoe upepo, apake sabuni tena, ajaribu upya. Asiongeze presha.

## Hatua ya 11: Pima ulichofanya

Kabla gurudumu halijarudi kwenye gari, lizamishe tena kwa psi 40, dakika kumi na tano kwenye kila sehemu iliyokuwa na alama. Maji yakitulia bila kiputo, punguza presha hadi kiwango cha kibandiko, ulipeleke kwa fundi alibalansi. Gundi ina uzito, na usukani unaotikisika kwa kilomita 80 kwa saa baada ya kazi hii ni balansi, si rimu.

Funga nati kwa kukatiza, moja na ya upande wa pili, gari likiwa limeshuka chini. Toyota ndogo nyingi, Premio, Wish na nyinginezo, hutaka Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukaza nati. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Endelea kuandika presha kila asubuhi kwa wiki mbili. Ikibaki sawa na magurudumu mengine, imeziba.

## Ikiwa bado inavuja

Viputo vimetokea sm kadhaa kando ya pale ulipoziba. Gundi imeshika, ila eneo lilikuwa dogo. Safisha upande wote wa upepo na upake mzunguko mzima.

Viputo viko pale pale. Kagua gundi. Ikiwa imebanduka kipande kizima na chini yake metali inang'aa, kulikuwa na mafuta. Ikiwa imeshika lakini ina tundu katikati, ulipaka rimu ikiwa inazidi kupata joto, au tabaka la kwanza lilikuwa nene.

Sasa vinatoka kwenye mdomo wa tairi. Kuna tone la epoksi kwenye kikalio, au mpira ulichanwa wakati wa kuvalisha.

Ilikaa miezi, kisha ikarudi. Kabla ya kuziba tena, rudia kipimo cha chaki. Rimu iliyoanza kuvuja mahali papya baada ya kupiga shimo la barabarani huenda imepasuka, na ikionyesha mstari itolewe kwenye gari siku hiyo hiyo.

Rimu iliyozibwa vizuri mara mbili na bado inatoa viputo sehemu mpya kila mara, metali yake imejaa vitundu kote. Hiyo usiihangaikie tena. Ivunje au iandike wazi kwa rangi kwamba ni mbovu kabla ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ili isije ikarudi sokoni ikafungwa kwenye gari la mtu mwingine.